Filamu ya 1968 ilibashiri simu ya video, na bili haikuisahau

Ukiitazama leo 2001: A Space Odyssey, kuna kipande ambacho hakitakushtua hata kidogo. Baba yuko safarini kwenye kituo cha anga, anampigia simu ya video binti yake mdogo nyumbani. Wanaonana, wanaongea. Anamuuliza: siku yako ya kuzaliwa unataka zawadi gani? Mtoto anataka simu. Baba anamwambia simu nyumbani zipo tele, fikiria kingine. Basi anataka komba. Ndiyo, komba, kama hawa wanaolia usiku mitini kule Pemba.

Filamu hiyo ya Stanley Kubrick ilitoka 1968, mwaka mmoja kabla ya binadamu kukanyaga mwezini. Simu ya video iliipatia. Ya mfukoni ikaikosa: baba anaingia kwenye kibanda kupiga. Ila kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakigundui. Akimaliza kuongea, kioo kinamwonyesha gharama: dola 1.70.

Filamu nyingi za aina hii hazina habari na gharama. Kwenye Star Trek, nahodha anafungua kifaa chake, anaongea, kwisha. Haishiwi bando, wala hapandi kilimani kutafuta mtandao.

Sasa njoo Chokocho, kusini mwa Pemba. Kisiwa hiki kina familia nyingi zenye ndugu Oman. Simu ipo mkononi, bando lipo, lakini Oman kwa miaka mingi imezuia kupigiana kwa WhatsApp, iwe kwa sauti au video. Maandishi yanapita. Ujumbe wa sauti unapita.

Kwa hiyo mama anarekodi dakika mbili, anatuma, anasubiri. Mwanawe akitoka kazini Muscat anasikiliza, naye anarekodi. Mazungumzo ya dakika kumi yanakula siku nzima. Mjukuu anayeanza kutembea, babu aliyelazwa, vyote vinafika vipande vipande. Anayetaka kuongea moja kwa moja inabidi apige simu ya kawaida ya nje, na hiyo salio lake unalijua.

Teknolojia si tatizo hapo. Aliyekaa katikati ndiye anayeamua nani aongee na nani, na kwa bei gani. Kubrick alikumbuka bei. Kibali hakikuwemo.

Na njia yenyewe pia haionekani kwenye filamu. Tumezoeshwa kudhani intaneti inaelea hewani, kumbe sehemu kubwa inapita chini ya bahari, kwenye mikongo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zikabaki na intaneti ya kusuasua.

Aliyekumbuka kibali ni Mkenya, Wanuri Kahiu, kwenye Pumzi ya mwaka 2009. Humo watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa baada ya vita vya maji. Vioo viko kila mahali na mawasiliano hayakatiki. Lakini Asha anapoota ndoto, kompyuta inajua, inamwamuru anywe dawa ya kuizuia. Anapoomba ruhusa ya kutoka nje, wakubwa wanamkatalia kupitia kioo hichohicho.

Kwa maoni yangu hiyo imetukaribia kuliko ya Kubrick. Ni ya dakika kama 20 tu, bando lako halitaisha.