Mjadala wa plasebo katika majaribio ya AZT

Mjadala wa plasebo katika majaribio ya AZT ni mabishano ya kimaadili yaliyozuka mwaka 1997 kuhusu utafiti wa tiba uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Asia na Karibi, zikiwemo Uganda, Tanzania, Cote d'Ivoire na Thailand. Katika majaribio hayo wajawazito wenye virusi vya UKIMWI (VVU) waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi yao walipewa dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe, na wengine walipewa plasebo (pia: kipozauongo), yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa sura lakini hakina dawa ndani yake. Jambo lililoleta ugomvi ni kwamba tangu mwaka 1994 ilikuwa imekwisha kuthibitishwa kuwa dawa ya AZT inaweza kumkinga mtoto.

Swali lenyewe linaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mtu anayekubali kushiriki utafiti katika nchi maskini anastahili kupewa nini: matibabu bora yanayojulikana duniani, au yale ambayo angeyapata kijijini kwake kama watafiti wasingefika? Wataalamu wa maadili ya tiba hawajakubaliana kikamilifu hadi leo.

Maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto

Mama mwenye VVU anaweza kumwambukiza mtoto wake tumboni, wakati wa kujifungua au kwa njia ya kunyonyesha. Bila kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama wenye virusi hivyo huambukizwa kati ya 15 na 45. Tofauti hiyo kubwa inatokana na mambo mengi: wingi wa virusi katika damu ya mama, namna mtoto anavyozaliwa, na hasa muda wa kunyonyesha. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 2000 ulilinganisha watoto walionyonyeshwa na wale waliopewa maziwa ya kopo. Walipofikisha miaka miwili, walioambukizwa walikuwa asilimia 36.7 katika kundi la kwanza na asilimia 20.5 katika kundi la pili.

Tofauti hizo za mahali na mahali zinafaa kukumbukwa, kwa sababu sehemu kubwa ya mabishano iliyofuata ilizizunguka.

Jaribio namba 076

Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani na Ufaransa, linalojulikana kwa namba yake 076. Wajawazito waliopewa AZT (zidovudini) waliwaambukiza watoto wao kwa asilimia 8.3, ilhali waliopewa plasebo waliwaambukiza kwa asilimia 25.5. Maambukizi yalikuwa yamepungua kwa theluthi mbili. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, na punde si punde dawa hiyo ikawa matibabu ya kawaida kwa wajawazito wenye VVU katika nchi tajiri.

Utaratibu wa 076 ulikuwa mzito. Mama alianza dawa kati ya wiki ya 14 na ya 34 ya ujauzito, akameza vidonge mara tano kwa siku. Wakati wa uchungu alipewa dawa kwa dripu. Mtoto alipewa dawa ya maji kila baada ya saa sita kwa wiki sita, na hakunyonyeshwa. Gharama ya dawa peke yake ilikadiriwa kuwa takriban dola 800 za Marekani kwa mama mmoja na mtoto wake.

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki wakati ule, mjamzito alifika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekwisha kuwa kubwa, huenda akajifungulia nyumbani kwa msaada wa mkunga wa jadi, na kutonyonyesha kungemfanya aulizwe maswali na mama mkwe na majirani. Fedha ambazo serikali zilitumia kwa afya ya mtu mmoja kwa mwaka zilikuwa dola chache tu.

Majaribio ya muda mfupi

Mwezi wa Juni 1994 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitisha mkutano wa wataalamu mjini Geneva, Uswisi. Walikubaliana kwamba itafutwe njia fupi na nafuu zaidi, na kwamba njia bora ya kuipima ni kuilinganisha na plasebo. Hoja yao ilikuwa hivi: 076 haiwezekani kutekelezwa katika nchi hizi, basi swali la maana kwao si kama dawa ya muda mfupi ni sawa na 076, bali kama ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Tena, AZT inaweza kusababisha upungufu wa damu, tatizo ambalo wajawazito wengi wa nchi za joto wanalo tayari.

Majaribio yakaanza. Mojawapo lililowahusu Waafrika wa Mashariki moja kwa moja liliitwa Petra, lililofanyika Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban kuanzia mwaka 1996. Lilipima AZT pamoja na lamivudini kwa vipindi vitatu tofauti, na kundi la nne lilipewa plasebo.

Lawama za mwaka 1997

Tarehe 18 Septemba 1997 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha makala ya madaktari Peter Lurie na Sidney Wolfe wa shirika la Public Citizen la Marekani. Walieleza kwamba kati ya majaribio 16 waliyoyahesabu katika nchi zinazoendelea, 15 yaliwaacha baadhi ya washiriki au wote bila dawa za kupambana na virusi, na 9 kati ya hayo yaligharimiwa na serikali ya Marekani. Jaribio moja tu, la Thailand, lililinganisha muda mrefu na muda mfupi wa AZT bila kumnyima mtu dawa. Kwa hiyo, walisema, ilikuwa inawezekana kufanya hivyo.

Hoja yao nzito zaidi ilihusu usawa. Jaribio kama hilo lisingeruhusiwa kufanyika Marekani baada ya 1994. Kama ni kosa kumpa plasebo mjamzito wa New York, inakuwaje iwe sawa kumpa mjamzito wa Kampala, na mtafiti ni yuleyule, na fedha zinatoka mfuko uleule? Waliongeza kwamba umaskini usichukuliwe kana kwamba ni hali ya hewa: bei ya AZT iliwekwa na watu na ingeweza kupunguzwa na watu.

Katika toleo hilohilo mhariri Marcia Angell aliyafananisha majaribio hayo na utafiti wa Tuskegee, ambapo kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wapatao 400 wa jimbo la Alabama wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Ulinganisho huo uliwaudhi wengi. Wajumbe wawili wa bodi ya jarida, David Ho na Catherine Wilfert, walijiuzulu. Kwa kweli ulinganisho una kasoro: wanaume wa Tuskegee walidanganywa kuhusu ugonjwa wao, na dawa waliyonyimwa ilikuwa ikipatikana katika nchi yao. Lakini jina la Tuskegee ndilo lililofanya suala hilo liingie magazetini dunia nzima.

Majibu ya watetezi

Wiki mbili baadaye Harold Varmus na David Satcher, wakuu wa taasisi mbili za afya za serikali ya Marekani zilizogharimia utafiti huo, walijibu katika jarida hilohilo. Walisisitiza kwamba majaribio yaliombwa na nchi zenyewe na kupitishwa na kamati zao za maadili. Walitaja barua ya Edward Mbidde, mwenyekiti wa kamati ya utafiti wa UKIMWI ya Taasisi ya Saratani ya Uganda, aliyeeleza kwamba huo ulikuwa utafiti wa Waganda, uliofanywa na watafiti Waganda kwa manufaa ya Waganda.

Jibu la Mbidde liligeuza meza. Wakosoaji walidai kuwatetea Waafrika dhidi ya ukoloni wa kitaalamu, lakini jibu lake lingeweza kusomwa kama kusema kwamba kumwamulia Mwafrika kutoka Washington ni ukoloni vilevile. Hata hivyo kibali cha kamati hakijibu kila kitu. Kamati iliyo chini ya wizara isiyo na fedha, inapoletewa mradi wenye maabara, magari na mishahara, haina uhuru sawa na ile iliyo katika nchi tajiri.

Suala la ridhaa

Kila mshiriki alitakiwa kutoa ridhaa baada ya kuelezwa utafiti. Je, alielewa? Mwandishi wa gazeti la The New York Times aliyetembelea Abidjan mwaka 1997 alikuta washiriki ambao hawakufahamu vizuri maana ya plasebo.

Ugumu huo haukutokana na ujinga wa akina mama. Wazo la plasebo ni gumu kulieleza kwa lugha yoyote. Kwa Kiswahili, kidonge kinachotolewa na mhudumu aliyevaa koti jeupe hospitalini ni dawa, basi, kusema „dawa hii huenda si dawa” ni kama kujipinga. Tena kugawanywa kwa bahati nasibu humaanisha kwamba daktari hajui na hachagui, wakati mgonjwa amekuja kwa sababu anaamini daktari anajua. Na mwanamke aliyetoka kuambiwa kwamba ana VVU, asiye na njia nyingine yoyote ya kupata hata nusu ya nafasi ya dawa, anakubali kwa hiari ya namna gani? Wengine huona hiyo ni shuruti ya hali, si ya mtu. Wengine hujibu kwamba kumkatalia asishiriki kwa sababu ni maskini kungemwondolea hata ile nusu.

Matokeo

Februari 1998 jaribio la Bangkok lilionyesha kwamba AZT iliyotolewa kwa wiki nne za mwisho za ujauzito na wakati wa uchungu ilipunguza maambukizi kutoka asilimia 18.9 hadi 9.4 kwa watoto wasionyonyeshwa. Mara moja makundi ya plasebo yalisimamishwa katika majaribio mengine.

Kila upande ulipata ushahidi wake. Katika Petra, maambukizi kufikia wiki ya sita yalikuwa asilimia 5.7 kwa waliopata dawa kabla ya kujifungua, wakati wa uchungu na baadaye, asilimia 8.9 kwa waliopata wakati wa uchungu na baadaye, asilimia 14.2 kwa waliopata wakati wa uchungu peke yake. Na asilimia 15.3 kwa kundi la plasebo. Kama asilimia 14.2 ingelinganishwa na ile 25.5 ya Marekani, dawa ya wakati wa uchungu pekee ingeonekana imeokoa watoto wengi, kumbe haikusaidia. Kundi la plasebo ndilo lililoonyesha hivyo. Lakini namba hiyo ya 15.3 ni ya watoto, na wengi wao wangeweza kuepushwa. Baada ya miezi 18 ya kunyonya, sehemu kubwa ya faida ilikuwa imepotea: asilimia 15 katika kundi lililopata dawa nyingi zaidi, asilimia 22 katika kundi la plasebo.

Jaribio la hospitali ya Mulago, Kampala, lilikwenda njia nyingine. Lilianza mwishoni mwa 1997 likiwa na kundi la plasebo, ambalo lilifutwa baada ya wanawake wachache tu kuandikishwa. Likaendelea kwa kulinganisha nevirapini na AZT ya muda mfupi. Mwaka 1999 lilionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama wakati wa uchungu na dozi moja ya dawa kwa mtoto ndani ya siku tatu viliacha maambukizi katika asilimia 13.1 kufikia wiki ya 14 hadi 16, dhidi ya asilimia 25.1 kwa AZT. Gharama yake ilikuwa dola 4 hivi. Jaribio muhimu kuliko yote lilipata jibu lake bila plasebo. Baadaye utunzaji wa kumbukumbu zake ulitiliwa shaka, lakini uchunguzi wa Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2005 ulikubali matokeo yake.

Mwaka 2000 kampuni ya Boehringer Ingelheim iliahidi kutoa nevirapini bure kwa nchi zinazoendelea. Julai 2002 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliiamuru serikali kuitoa katika hospitali za umma, katika kesi iliyofunguliwa na Treatment Action Campaign.

Mama aliyeshiriki, kwa upande wake, aliendelea na virusi vyake bila dawa. Uganda na Tanzania zilianza kutoa dawa za kupunguza makali bure kwa wingi kuanzia mwaka 2004 tu.

Azimio la Helsinki

Mjadala ulihamia kwenye Azimio la Helsinki, mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu utafiti kwa binadamu. Toleo lililopitishwa Edinburgh mwaka 2000 lilisema katika ibara ya 29 kwamba njia mpya ipimwe dhidi ya njia bora iliyopo, na ibara ya 30 ikataka washiriki wapate njia bora iliyothibitishwa baada ya utafiti kwisha. Mwaka 2002 yaliongezwa maelezo yanayoruhusu plasebo pale ambapo kuna sababu nzito za kisayansi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliacha kudai kwamba majaribio ya nje ya nchi yafuate azimio hilo.

Mwaka 2000 swali lilelile lilirudi kutoka wilaya ya Rakai, Uganda, ambako watafiti walikuwa wamewafuatilia wanandoa 415 ambao mmoja wao alikuwa na VVU na mwingine hana. Walipewa ushauri nasaha na kondomu bure, lakini si dawa za kupambana na virusi, na watafiti hawakumjulisha mwenzi mzima hali ya mwenzake. Utafiti huo ulithibitisha kwamba wingi wa virusi katika damu ndio unaoongeza hatari ya kuambukiza, na juu ya ujuzi huo umejengwa utaratibu wa leo wa kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha, ulioanzia Malawi mwaka 2011.