Anayejua Maji Yalipo

Kando ya njia za vijijini, pwani na hata milimani Usambara, huota mmea mdogo unaotambaa, wenye miiba na maua ya rangi ya waridi yaliyo mfano wa vishada vya pamba. Mtoto akiugusa kwa kidole, vijani vyake hukunjana viwiliviwili, kisha kikonyo kizima huinama kana kwamba kimenyauka. Waswahili wameuita kifauwongo, na jina limepata.

Siri yake ni maji. Mahali kila kijani na kila kikonyo kinapoanzia kuna kifundo kilichojaa maji. Mmea ukiguswa, mkondo mdogo wa umeme hupita ndani yake, na seli za upande mmoja wa kifundo humwaga maji yake mara moja. Kilichokuwa kimesimama hulala. Panzi aliyetua kwa ajili ya jani laini hujikuta kwenye kijiti chenye miiba. Baada ya dakika kadhaa maji hurudi na vijani hufunguka, maana jani lililofumba halipati mwanga wa kutosha, na kufa uwongo siku nzima ni kushinda na njaa.

Mwaka 2014 mtafiti Monica Gagliano na wenzake walichapisha jaribio la kushangaza. Waliangusha vyungu vya kifauwongo tena na tena kutoka kimo cha sentimita 15, anguko lisilodhuru. Mwanzoni mimea ilifumba. Baadaye ikaacha, na mwezi mmoja baadaye ilipoangushwa tena haikushtuka. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama hiyo iitwe kumbukumbu, kwa kuwa mmea hauna ubongo. Lakini tendo lenyewe lilionekana.

Tunapozungumzia jinsi viumbe wanavyomudu mazingira yao, kwa kawaida tunataja maumbile: shingo ya twiga, nundu ya ngamia, mbuyu unaoweka maji shinani. Hayo yamejengeka kwa vizazi visivyohesabika. Twiga hawezi kuongeza urefu wa shingo kwa sababu mvua za mwaka huu zimechelewa, ila anaweza kuhama, kubadili saa ya kula, au kuliacha bonde alilolizoea. Uhai wa viumbe wengi umo katika kujua la kufanya na wakati wa kulifanya.

Ujuzi huo wengine huzaliwa nao. Kamongo, samaki wa Ziwa Victoria na vinamasi vyake, maji yakimkaukia huchimba tope, hujikunja, na kujifunika ute unaokauka ukawa kama mfuko mwembamba. Huacha tundu la kupumulia tu. Moyo hupunguza mapigo, na chakula chake ni misuli yake mwenyewe. Mmarekani Homer Smith, aliyemchunguza samaki huyu na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokipa jina la Kamongo, alionyesha kwamba akiwa mafichoni taka za mwili wake hazikusanyiki kama amonia, ambayo ingemuua, bali kama urea. Anaweza kukaa hivyo zaidi ya mwaka mzima. Hakuna aliyemfundisha.

Wengine huishi kwa kupatana. Kwenye udongo mweusi wa Laikipia, Kenya, kuna aina ya mgunga mfupi ambao baadhi ya miiba yake imevimba chini kama vibuyu. Sisimizi hutoboa vibuyu hivyo na kukaa ndani, na upepo ukipita kwenye matundu, mti hupiga mluzi. Majani nayo huwatolea wapangaji utomvu mtamu. Ukitikisa tawi, sisimizi humiminika kwa mamia, na wanang'ata. Ndovu, mwenye uwezo wa kuung'oa mti huo bila jasho, hukwepa, kwa kuwa ndani ya mkonga wake ni laini mno. Ndovu yatima wa Tsavo walipopewa matawi yenye sisimizi na yasiyo nao, waliyakataa ya kwanza na kuyala ya pili, hata majani yalipokuwa ya mgunga uleule.

Kinachovutia zaidi ni kwamba mti hupima gharama. Mtafiti Todd Palmer na wenzake walichunguza migunga iliyozungushiwa uzio kwa miaka 10, wanyama wakubwa wasiweze kuifikia. Ikapunguza vibuyu na utomvu, kama tajiri aliyeona hana haja tena ya walinzi. Walinzi wakazembea, sisimizi wa aina nyingine wakashika nafasi, na wadudu wanaotoboa mashina wakapata njia. Migunga iliyokingwa na uzio ikakua polepole zaidi na kufa kwa wingi kuliko ile iliyoliwa kila siku.

Miaka ya karibuni sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, waliofika kwa shughuli za binadamu, wamewaua sisimizi wenyeji katika sehemu za Laikipia. Ndovu wakagundua kuwa njia ni nyeupe. Wanavunja miti, nyika inakuwa wazi, na simba, ambaye humvizia pundamilia akiwa nyuma ya vichaka, hana pa kujificha. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba. Mwaka 2020 walishuka hadi asilimia 42. Nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa, walifikia asilimia 42. Nyati ni windo la hatari, lakini idadi ya simba haikuporomoka. Walibadili mwenendo, wakapona.

Kwa tembo mambo ni mazito zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya wanachokijua hawazaliwi nacho. Hukirithi kwa kutembea nyuma ya wakubwa wao. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga hifadhi ya Tarangire, Tanzania, kwa miezi 9. Mtafiti Charles Foley na wenzake walikuwa wakifuatilia koo tatu za tembo humo. Katika watoto 81, walikufa 16, yaani mmoja kwa kila watano, ilhali mwaka wa kawaida hufa wawili kwa mia.

Vifo hivyo havikugawanyika sawa. Koo mbili ziliondoka hifadhini, zikatafuta maji na malisho kwingine. Ukoo wa tatu ulibaki, na wengi wa watoto waliokufa walikuwa wake. Ukoo huo ulikuwa umepoteza majike wake wazee kwa ujangili wa miaka ya 1970 na 1980. Watafiti wanaona kwamba majike wakongwe wa koo zilizoondoka walikuwa hai wakati wa ukame wa 1958 hadi 1961, na huenda walikumbuka walikopelekwa na mama zao. Inafaa kulitazama hilo kwa utulivu: jangili alichukua pembe mwaka fulani, na watoto wa tembo wakafa kwa ukame miaka kadhaa baadaye, kwa sababu aliyejua maji yalipo hayupo.

Ujuzi wa majike hao wakongwe hauishii kwenye maji. Huko Amboseli, Kenya, watafiti waliwapigia tembo sauti za watu zilizorekodiwa, wakisema kwa lugha zao kwamba kundi la tembo linakuja. Sauti ya mwanamume wa Kimaasai iliwafanya wajikusanye na kurudi nyuma. Ya Mkamba haikuwatisha kiasi hicho. Sauti za wanawake na watoto wa Kimaasai nazo ziliwatia hofu ndogo. Mikuki hubebwa na wanaume wa Kimaasai, na tembo wanalijua hilo kwa kusikia tu.

Na kuna ndege aliyeifanya sauti ya binadamu kuwa riziki. Ndege wa asali, ambaye wengi humwita kiongozi, hula nta, lakini hawezi kuvunja gome wala kukabili nyuki. Binadamu ana shoka na moshi. Basi humjia mtu, hulia kwa pupa, huruka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga. Watafiti Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walionyesha mwaka 1989 kwamba Waborana wa kaskazini mwa Kenya, ambao bila ndege huyo hutumia takriban saa 9 kupata mzinga, wakiongozwa naye hutumia kama saa 3.

Mtu naye humwita. Wayao wa Niassa, Msumbiji, hutoa sauti ya kutetemesha ulimi inayomalizikia puani. Wahadzabe wa Tanzania hupiga mluzi. Watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walipojaribu miito yote miwili pande zote mbili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba ndege wa kila mahali huitika zaidi mwito wa wenyeji wake. Ujuzi huo hawakuupata kwa wazazi, maana kiongozi hutaga kwenye viota vya ndege wengine na hamlei mwanawe. Huenda kila kizazi hujifunza upya kwa kuwasikiliza watu wa nchi yake.

Malipo nayo hutofautiana. Wahadzabe mara nyingi huchoma au kufukia nta iliyobaki, ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Niassa, warina wakishatoa masega, hutandika majani mabichi chini ya mti, huweka vipande vya nta juu yake, kisha huondoka ili ndege ashuke.