Barafu ikikoma nyumbani, anza na tangi kabla ya fundi

FRIJI kubwa yenye mashine ya kutengeneza barafu ni fahari ya nyumba kadhaa za wafanyabiashara katika miji ya mpakani. Mama anayeuza juisi Namanga au Busia hurudi jioni akakuta vipande vya barafu tayari, vya maji ya watoto na vya biashara ya kesho. Siku barafu inapokoma, hasara huwa mbili. Juisi inakosa wateja, na sehemu ya mtaji inaishia kwa fundi aliyebadilisha kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Kazi ya mashine yenyewe si ngumu kuielewa. Valvu iliyo nyuma ya friji hufunguka kwa sekunde chache, maji yakapita kwenye chujio na bomba jembamba hadi kwenye trei. Yakishaganda, mota husukuma vipande vikaangukia kwenye chombo. Chombo kikijaa, mkono mdogo wa pembeni huinuka na kuizima mashine.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuutazama mkono huo. Mara nyingine umeinuliwa na mfuko wa nyama, na mashine inaamini chombo kimejaa.

La pili ni baridi. Sehemu ya kugandishia inatakiwa iwe karibu nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Mlango usiofunga vizuri hupoteza baridi hiyo. Kipimo chake ni noti: ibanwe mlangoni kisha ivutwe. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka au una uchafu. Friji iliyotoka kuwashwa nayo ipewe saa 24 kabla ya kulaumiwa.

Jambo la tatu, ambalo husahaulika zaidi, ni tangi la maji. Mashine nyingi za aina hii zilitengenezwa kwa nyumba zenye maji ya bomba yenye nguvu, na huhitaji presha ya takriban baa 1.4 au zaidi. Tangi hutoa baa 0.1 tu kwa kila mita moja ya urefu. Lililowekwa mita nne juu ya friji hutoa baa 0.4, na ili kufikia 1.4 lingepaswa kuwa mita 14 juu, yaani kama ghorofa ya nne au ya tano. Dalili yake ni vipande vidogo au vyenye uwazi katikati, kisha barafu kukoma kabisa.

Kuhakikisha ni rahisi. Friji ichomolewe kwenye umeme, koki ifungwe, bomba la maji lifunguliwe nyuma yake na kuelekezwa kwenye ndoo, kisha koki ifunguliwe. Maji yakichuruzika tu, tatizo liko nje ya friji, na dawa yake ni pampu ndogo ya kuongeza presha. Yakitoka kwa nguvu, litazamwe chujio, ambalo kwa kawaida hubadilishwa kila miezi sita, na mapema zaidi pale maji yanapokuwa na tope au chumvi nyingi.

Bomba la ndani likiganda, friji izimwe barafu iyeyuke yenyewe, au litumike taulo la maji ya uvuguvugu. Kisu kisiguse. Kikitoboa bomba la gesi, friji nzima inaweza kupotea, na gesi ya baadhi ya friji za kisasa hushika moto.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo fundi aitwe kupima valvu, mota na bodi ya umeme. Umeme unaopanda na kushuka huunguza bodi hizo, hivyo kifaa cha kulinda friji ni akiba.

Kwa anayenunua friji iliyotumika kuivusha mpaka, ukaguzi uanze na kibandiko cha nyuma. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia umeme wa volti 230 hadi 240 na hezi 50. Friji ya soko la Marekani ni ya volti 115 na hezi 60. Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi hezi. Muuzaji aiwashe, na ikiwezekana mnunuzi asubiri barafu ya kwanza idondoke, kwa sababu kuirudisha ng'ambo ni gharama nyingine.

Mpakani nako kuna hesabu. Cheti Rahisi cha Uasili, kinachowasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Friji iliyotoka Ghuba haipati nafuu hiyo, hata ikiwa ya bei ndogo. Masharti ya vifaa vilivyotumika pia hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo forodha iulizwe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Na wakati pampu haijapatikana, trei ya plastiki iliyojazwa maji kwa mkono bado hugandisha barafu usiku kucha. Juisi ya asubuhi itauzwa.