Fahamu: Git Bash ikikosa amri unayoihitaji

Ukisomea kompyuta Maseno au ukijifunza kuandika programu LakeHub, mjini Kisumu, huenda mashine yako ni ya Windows na amri za Unix unaziandika kwenye Git Bash. Unaandika wget, unajibiwa: "bash: wget: command not found".

Kwa nini haipo?
Git Bash iliundwa kuhudumia Git. Hubeba amri za msingi kama ls, grep, sed na curl. Wget, rsync na zip zimeachwa ili programu isiwe nzito.

Nifanyeje?
Kwanza, tafuta mbadala uliopo. Andika curl -LO na anwani ya faili, litapakuliwa.

Pili, ongeza amri yenyewe. Unda folda ya bin kwa mkdir ~/bin, weka humo wget.exe, kisha fungua dirisha jipya. Git Bash huikagua folda hiyo yenyewe, na kwa kawaida hutahitaji nywila ya msimamizi wa maabara.

Tatu, ukihitaji amri nyingi, WSL, iliyoletwa na Microsoft mwaka 2016, hukupa Linux ndani ya Windows, ila hula data nyingi.

Tahadhari gani?
Kwa kuwa bando ni ghali, ni busara mmoja apakue na wengine wanakili kwa flashi. Lakini kabla ya kuendesha faili, andika sha256sum na jina lake, ulinganishe na alama alizotangaza mtengenezaji. Herufi moja ikitofautiana, lifute mara moja.