Meno ya Titaniamu: Fizi Zikivimba, Hata Madini Yasiyoshika Kutu Hulika



Alkhamisi iliyopita barazani kwetu hapa Doha, baada ya sala ya Isha, mzee mwenzangu alitufungulia simu yake tusikilize sauti aliyorushiwa. Msemaji alidai kwamba meno ya kupandikiza ya titaniamu yanatoa sumu inayoingia kwenye damu, na kila aliyenayo ayang'oe upesi. Mwenzangu anayo manne, na usiku ule hata kahawa hakuigusa. Mwengine akamcheka: "Titaniamu haishiki kutu abadan. Ndiyo wanayoundia ndege. Ukishatia umemaliza."

Nilinyamaza, kwani kila mmoja alikuwa na kipande cha haki na kipande kikubwa cha makosa. Tena maneno ya yule wa pili ndiyo niliyokuwa nikijiambia mwenyewe miaka mitatu nyuma, na yamenigharimu sehemu ya mfupa wa taya. Mimi si daktari. Nilikuwa karani mpaka nilipostaafu. Lakini tangu siku ile nimeuliza sana na kusoma sana, na wengi wetu wa rika hili tunayo meno haya vinywani. Basi naona bora nilieleze jambo lenyewe kwa utaratibu.

Jino lenyewe ni nini

Jino la kupandikiza lina sehemu tatu. Chini kabisa ni skrubu ya titaniamu inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Juu yake kuna kiungo kidogo kinachopita kwenye ufizi. Juu ya kiungo ndipo inapokaa kofia nyeupe tunayoiona na kutafunia. Skrubu nyingi ni titaniamu tupu kwa kadiri ya asilimia 99. Nyengine ni mchanganyiko wa titaniamu asilimia 90, alumini 6 na vanadi 4.

Aliyegundua kwamba mfupa hukubali kushikana na titaniamu ni mtaalamu wa Kiswidi, Per-Ingvar Brånemark. Mwaka 1952 alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa kifaa cha titaniamu, na alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekikumbatia, hakitoki. Mwaka 1965 alimtilia meno mtu wa kwanza, Gösta Larsson, katika mji wa Gothenburg. Larsson alikufa mwaka 2006, na meno yake yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 40 na zaidi. Kwa hivyo anayesema kwamba kila aliyenayo amemeza sumu, ajibiwe kwa mfano huo kwanza.

Kwa nini haishiki kutu

Nilipokuwa skuli ya misheni, padri aliyetufundisha sayansi alitia misumari mitatu katika chupa tatu. Wa kwanza aliutia katika maji ya kawaida. Wa pili aliutia katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta juu ili hewa isiingie. Wa tatu aliuweka pakavu. Baada ya wiki, msumari wa kwanza peke yake ndio ulioshika kutu. Akatufunza kwamba chuma huliwa na maji na oksijeni vikikutana.

Titaniamu inakwenda kinyume cha msumari ule. Oksijeni inayomla msumari ndiyo inayoilinda titaniamu. Ikiguswa na hewa, kufumba na kufumbua inajivika ngozi nyembamba iliyoshikana sana, na ngozi hiyo inazuia kitu chengine kisiifikie. Unene wake ni kama nanomita 2 hadi 10 tu, na unywele mmoja wa kichwa una upana wa nanomita kama 80,000. Ukiikwaruza ngozi hiyo, inajirudishia yenyewe, mradi oksijeni ipo.

Jina la ngozi hiyo katika kemia ni titaniamu dioksaidi, na watu wa pwani yetu wameiona bila kujua. Mchanga mweusi wa Kwale, kusini ya Mombasa, ulichimbwa kuanzia 2013 mpaka mwisho wa 2024 na kupakiwa melini Likoni. Moja katika madini yaliyotolewa humo ni rutili, na rutili ni titaniamu dioksaidi hiyo hiyo. Ndiyo pia inayotiwa katika rangi nyeupe za nyumba, na katika dawa nyingi za meno ili ziwe nyeupe. Kwa hivyo ngozi ile si kitu kigeni wala cha kutisha.

Na hapa Ghuba tuna ushahidi mwengine. Maji tunayokunywa yametoka baharini, na katika mitambo inayoyageuza kuwa matamu, mabomba ya titaniamu hutumika pale ambapo maji ya chumvi ya moto yangekula metali nyengine. Ikiwa inastahamili bahari ya Ghuba, kwa nini ishindwe na mate ya mzee?

Inashindwa vipi

Jawabu ni kwamba mate ya kinywa chenye afya haiyashindwi. Inashindwa na mahali pamoja tu: mfukoni mwa ufizi uliovimba. Waulize mafundi wa mabomba ya mafuta na gesi, watakwambia kwamba bomba halianzi kulika pale palipo wazi. Linaanza katika kiungo, katika ufa, mahali ambapo maji yametuama. Mdomoni ni vivyo hivyo, na mambo manne hukutana.

La kwanza ni ukoga. Usiposugua vizuri pembeni mwa jino, vijidudu hujenga utando unaonata. Vinakula sukari tunayokula na kutoa tindikali, na tindikali inadhoofisha ile ngozi ya titaniamu.

La pili ni kukosekana kwa oksijeni. Ufizi ukivimba unaachana na jino na kufanya mfuko. Chini ya mfuko, chini ya ukoga, oksijeni ni chache mno. Ngozi ikijeruhiwa hapo inachelewa kupona, na huku tindikali na chumvi zimezidi.

La tatu ni askari wetu wenyewe. Mwili ukiona vijidudu unapeleka chembe nyeupe za damu. Silaha yao mojawapo ni haidrojeni peroksaidi, aina ile ile ya dawa inayotoa povu tukiimimina kwenye kidonda. Silaha hiyo inaua vijidudu, lakini ikimwagwa kila siku kwa miezi, inaiharibu ngozi ya titaniamu pia, khasa ikichanganyika na tindikali. Jeraha la siku mbili halina neno. Uvimbe wa mwaka mzima ndio wenye shida.

La nne ni msuguano. Kila tukitafuna, skrubu na kiungo chake husuguana kidogo kidogo, kiasi kisichoonekana kwa jicho. Kiungo kikilegea, msuguano unazidi na kuikwangua ngozi kabla haijapona.

Mambo manne hayo yakidumu, titaniamu hulika. Usitazamie kutu nyekundu kama ya msumari. Kinachotoka ni chembechembe ndogo sana zinazobaki katika ufizi na mfupa wa jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima ukoga uliotolewa pembeni mwa meno ya kupandikiza, na ukakuta titaniamu nyingi zaidi kwa yale yenye ugonjwa kuliko kwa yale mazima. Katika maabara imeonekana pia kwamba chembe hizo zinaweza kuzichokoza seli za mwili zikazidisha uvimbe. Uvimbe unaila titaniamu, na titaniamu iliyolika huenda ikauongezea uvimbe.

Nimeandika "huenda" kwa makusudi. Mwezi wa Novemba 2017 wataalamu wa fizi wa Marekani na Ulaya walikutana Chicago kupanga upya magonjwa haya. Walikubaliana kwamba hatari iliyothibitika zaidi iko kwa aliyewahi kuugua fizi sana, anayeacha ukoga ukae, na asiyekwenda kusafishwa kwa wakati. Kuhusu chembe za titaniamu, walisema ushahidi wa kuzifanya ndizo chanzo cha ugonjwa haujatosha. Mkosaji wa kwanza ni ukoga. Kulika kwa titaniamu kunafuata nyuma yake.

Yaliyonifika mimi

Nina meno mawili ya kupandikiza, niliyotiliwa safarini, nje ya Qatar, kwa bei nafuu. Niliambiwa ni ya maisha. Sikuambiwa kwamba yanataka kuangaliwa, nami sikuuliza. Mwaka wa tatu nikaanza kuona damu kwenye mswaki. Haikuwa na maumivu, nikaipuuza kwa miezi minane, tena sukari yangu ilikuwa juu. Nilijiambia: meno ya asili huoza, haya ni titaniamu, yataozaje?

Hilo ndilo kosa linalotuponza. Kweli hayaozi, lakini yanasimama juu ya mfupa, na mfupa unaliwa. Tena jino la kupandikiza halina neva ya kukupigia kelele. Daktari wa hapa Doha aliponipiga picha, mfupa wa pembeni mwa jino moja ulikuwa umeshuka milimita tatu. Ilibidi afungue ufizi, asafishe na kushona. Jino lipo bado, alhamdulillahi, lakini mfupa uliokwenda haukurudi wote.

Aliniambia neno la kushika. Ugonjwa huu una daraja mbili. Daraja ya kwanza ufizi peke yake umevimba na kutoka damu. Hapo ukisafishwa vizuri unaweza kupona kabisa. Daraja ya pili mfupa umeanza kuliwa. Hapo kazi ni kuuzuia usiendelee. Baina ya daraja hizo mbili hakuna maumivu ya kukuamsha. Alama ni damu.

Ya kufanya

Sugua pale jino linapokutana na ufizi, mara mbili kwa siku, na upitishe uzi au kiburashi chembamba pembeni. Mswaki wetu wa mti ni mzuri, lakini haufiki katika mianya ya ndani, kwa hivyo usiutegemee peke yake.

Wengine wameogopa floraidi. Ni kweli kwamba floraidi ikikutana na tindikali kali huivunja ngozi ya titaniamu. Lakini dawa ya kawaida ya meno ina floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, haina tindikali kali, na unaitema baada ya dakika mbili. Itumie bila khofu. Ya kuangaliwa ni ile jeli ya hospitali yenye tindikali, ambayo floraidi yake hufika sehemu 12,300 kwa milioni. Kabla hujapakwa, mwambie daktari kwamba unayo meno ya titaniamu.

Mwambie vile vile anayekusafisha. Kukwangua titaniamu kwa kifaa cha chuma cha pua kunaiacha na mikwaruzo, na ukoga hupenda mikwaruzo. Vipo vifaa vya plastiki, vya kaboni na vya titaniamu yenyewe kwa kazi hiyo.

Mwenye kisukari ashushe sukari yake, na mvutaji aache. Mambo mawili hayo yanajulikana kwa kuharibu fizi na kuchelewesha vidonda kupona.

La mwisho nalisema kama karani. Wengi wetu tunatiliwa meno nchi moja na kuishi nchi nyengine. Siku unapotiliwa, omba karatasi yenye jina la kiwanda, aina na ukubwa wa skrubu, na nakala ya picha ya siku ile ile. Daktari wa baadaye, awe Muscat, Unguja au Doha, hatajua mfupa umeshuka kiasi gani ikiwa hana picha ya mwanzo ya kulinganisha. Mimi nilikuwa nayo kwa sababu tu situpi karatasi. Sasa nina daftari dogo bafuni. Nikiona damu naandika tarehe, na ikiandikwa wiki mbili mfululizo nakwenda kwa daktari.

Yule mwenzangu nilimwambia asing'oe kitu kwa sababu ya sauti ya simu, aende kupimwa. Kung'oa skrubu iliyoshikana na mfupa kunaweza kuvunja mfupa mzima. Juzi amekwenda. Meno matatu yamekutwa hayana lolote. La nne ufizi wake umevimba na unatoka damu, na mfupa haujaguswa. Amesafishwa, na ametakiwa arudi baada ya miezi mitatu.

Yule mwengine, wa "ukishatia umemaliza", bado hajakwenda. Nimemuuliza kama huona damu akisugua. Akanijibu: "Kidogo tu." Nami nilikuwa nikisema vivyo hivyo.