Wapangaji wa Ghorofani: Rekodi za Tarantula wa Mitini

Tarantula wengi, wale buibui wakubwa, huchimba mashimo ardhini. Poecilotheria, jenasi ya India na Sri Lanka, wamepanga juu, ndani ya mapango ya miti mizee. Spishi zao hazifiki 20, ila mashindanoni hawana aibu.

1. Sumu yenye subira

Tarantula wengi wa bara la Amerika hujihami kwa kurusha vinyweleo vinavyowasha. Poecilotheria hawana silaha hiyo. Wana mbio na meno tu. Wakikung'ata, maumivu huja papo hapo, lakini kioja kiko baadaye. Uchunguzi wa visa vya kung'atwa uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa misuli inaweza kuanza kukaza baada ya saa 10 hivi. Yaani ung'atwe alfajiri ukipanda basi la Arusha pale Mbezi, Dar es Salaam, ukazwe misuli ukiwa unashusha begi stendi! Na mikazo ikianza, yaweza kurudiarudia kwa siku kadhaa.

2. Pandikizi la mti

Poecilotheria rajaei, aliyetangazwa mwaka 2013 kutoka kaskazini mwa Sri Lanka, hutanua miguu hadi sentimita 20. Mweke juu ya karatasi ya A4: upana karibu wote kaumaliza, imebaki sentimita moja. Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania naye hufikia hapohapo, kwa hiyo tuandike sare. Kombe la dunia liko Venezuela: Theraphosa blondi wa mwaka 1965, sentimita 28.

3. Umri

Jike wa Poecilotheria hupita miaka 10. Angeanza nawe darasa la kwanza, mngefika pamoja sekondari. Dume huishia kama darasa la nne.

4. Adimu, na mrembo kupindukia

Poecilotheria metallica ni buluu ya kung'aa, na buluu yenyewe haimo katika rangi yoyote mwilini: ni maumbile madogo mno ya vinyweleo yanayochezea mwanga. Alielezwa kisayansi mwaka 1899, baada ya kuokotwa penye mbao za reli mjini Gooty, India. Mwaka huohuo reli ya kutoka Mombasa iliingia Nairobi. Kisha tarantula huyu akapotea machoni pa wataalamu kwa miaka 102, hadi 2001, alipoonekana tena msituni. Makazi yake yanayojulikana hayafiki kilomita za mraba 100. Jiji la Nairobi, lenye 696, lingeyameza mara sita na bado likabakiwa na nafasi!