Ukienda ushago Meru au Embu, usimbebee mdogo wako mahubiri

UNAJUA vile huenda. Shule zimefungwa, umepanda matatu pale Tea Room jijini Nairobi, na baada ya saa kadhaa umeshuka Runyenjes, Nkubu ama Maua ukiwa na mkate, sukari na majani ya chai ya shosh. Hata maji hayajachemka, mama anakuvuta kando: "Ongea na huyu ndugu yako. Hasomi, amekuwa mjeuri. Wewe ndiye atakusikiza."

Basi unamkalisha chini. Unamwambia kuhusu nidhamu, bidii na uvumilivu. Yeye anaangalia chini na kusema "sawa". Jumapili jioni umerudi mjini, naye Jumatatu amerudi kuwa vile alivyokuwa.

Ulichomwambia ni kweli tupu. Mtoto mwenye subira, anayejituma bila kusukumwa na anayemaliza alichoanza hufanya vizuri shuleni, na hata nje ya shule. Mtaala wa CBC, ulioanza kutekelezwa nchini 2019, unaorodhesha uwajibikaji, heshima na uadilifu miongoni mwa maadili ambayo kila mwanafunzi anafaa kuyapata. Swali ni: tabia hizo huingia vipi ndani ya mtoto? Kwa maneno ya dakika ishirini kila likizo?

Jibu moja liko karibu kuliko unavyofikiria. Lilipatikana Embu, ndani ya sufuria ya githeri.

Githeri ya Kyeni

Kati ya 1998 na 2000, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walifanya utafiti katika shule 12 za msingi eneo la Kyeni, kaunti ya Embu. Mmoja wa walioongoza alikuwa daktari wa watoto, Charlotte Neumann. Walichukua watoto wa darasa la kwanza, zaidi ya 500, wakagawa shule hizo katika makundi manne.

Kundi moja lilipewa githeri iliyotiwa nyama ya kusaga, gramu 60 mwanzoni na baadaye 85. La pili lilipewa githeri na maziwa. La tatu likapata githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu ya chakula ilingane na ya wenzao. La nne halikupewa chakula, bali lilifuatiliwa tu ili kulinganisha.

Wengi wakisikia habari hiyo huuliza kuhusu alama za mtihani. Ndiyo, watoto wa nyama waliimarika kuliko wengine katika jaribio la kufikiri ambapo mtoto hutafuta kipande kinachokamilisha picha. Lakini subiri usikie ya uwanjani.

Watafiti waliwatazama watoto wakati wa mapumziko. Nani anakimbia? Nani ameketi kando ya ukuta? Nani anaanzisha mchezo, nani anawapanga wenzake na kuwaambia "twende hivi"? Watoto waliokula nyama ndio walioonekana zaidi wakicheza kwa nguvu, wakianzisha mambo na kuongoza.

Hebu fikiria hapo kidogo. Kujituma na uongozi ni zile tabia ambazo sisi husema "mtoto huzaliwa nazo" ama "huyu amekosa tu mtu wa kumnyoosha". Kumbe kwa baadhi ya watoto hao, kilichokosekana kilikuwa madini ya chuma, zinki na vitamini B12, vitu ambavyo mahindi na maharagwe pekee hayatoshi kuvileta. Mtoto aliyeonekana mpole kupita kiasi, asiyeinua mkono darasani, huenda alikuwa tu na upungufu wa damu.

Hii haimaanishi kwamba nyama inaleta nidhamu. Wapo wengi waliokula nyama kila siku na bado ni watu wa kuhepa kazi. Pia si kwamba nyumbani wamenyima mtoto makusudi. Bei ya nyama unaijua. Lakini kabla ya kumwita mdogo wako mvivu, angalia sahani yake. Yai moja, omena za kutia kwenye githeri, maini mara moja kwa wiki. Mia mbili unazotuma za "matumizi" zinaweza kuwa na jina: "Mathe, hizi ni za mayai ya Muthomi." Ukizipa pesa jina, ni vigumu ziishie kwa mkopo wa dukani.

Pesa ya asubuhi

Sasa tupande kaskazini hadi Igembe, Laare na Mutuati, kisha turudi chini Mbeere, upande wa Kiritiri na Siakago. Huku kuna kishawishi ambacho mtoto wa Kilimani hajawahi kukutana nacho: mti ulio nyuma ya nyumba unaotoa pesa taslimu kabla ya saa nne asubuhi.

Miraa kule Meru na muguka huku Mbeere havingoji mtu. Jani likichumwa, nguvu yake huisha kwa siku mbili hivi, ndiyo maana magari huendeshwa kama ambulansi kuelekea Nairobi. Wachumaji wanatakiwa alfajiri, na mvulana mwembamba, mwepesi wa kupanda, anapendwa. Kwa miaka mingi walimu na machifu wa maeneo hayo wamelalamika kuhusu viti vitupu darasani, hasa vya wavulana. Mara ya kwanza ni Jumamosi tu. Kisha ni siku ya soko. Kisha anakuja shuleni amechelewa, amechoka, lakini ana simu ambayo hata mwalimu hana.

Tusiitukane miraa. Imelipa karo za mawakili na madaktari wengi kutoka Meru, na pengine yako pia. Uingereza ilipoipiga marufuku 2014, na kaunti za Pwani zilipoigeukia muguka mnamo Mei 2024, ni familia hizi zilizolala njaa. Lakini sheria iko wazi kuhusu mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inafanya masomo kuwa ya lazima, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamkinga yeyote aliye chini ya miaka 18 dhidi ya kazi inayomdhuru au kumnyima masomo.

Tuseme ukweli, sheria haimshuki mtoto mtini. Unahitaji kuelewa anavyopiga hesabu.

Pengine umewahi kuona ile video ya watoto na peremende. Mwanasaikolojia Walter Mischel, wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alianza majaribio hayo miaka ya 1960. Mtoto anawekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa: ukingoja hadi nirudi, utapata viwili. Walioweza kungoja walionekana kufanya vizuri shuleni miaka mingi baadaye. Dunia nzima ikaanza kuhubiri kuhusu subira.

Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, pia Marekani, waliongeza kitu kidogo. Kabla ya jaribio, mtu mzima alimwahidi kila mtoto rangi nzuri za kuchorea. Nusu ya watoto waliletewa rangi hizo. Nusu nyingine waliambiwa, "Pole, kumbe hatuna." Baadaye, peremende ilipowekwa mezani, watoto waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walingoja dakika tatu.

Ni watoto wa rika moja, na utamu ni uleule. Kilichobadilika ni neno la mtu mzima. Halafu 2018, uchunguzi mkubwa zaidi, uliohusisha zaidi ya watoto 900, ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile tulichokuwa tukikiita subira inaelezwa na hali ya nyumbani alikotoka mtoto.

Sasa rudi Laare. Mvulana wa gredi ya saba ameambiwa maisha yake yote: soma, utakula matunda baadaye. Halafu anaangalia. Basari iliyoahidiwa haikufika, binamu yake akarudishwa nyumbani. Jirani ana digrii na anaendesha bodaboda. Na wewe, uliyepelekwa mjini kwa pesa za kuuza ng'ombe, ulimwambia ukipata kazi utamnunulia viatu vya mpira. Hiyo ilikuwa Desemba ya mwaka juzi.

Akipanda mti wa miraa, hajakosa maadili. Amehesabu tu kwamba pesa ya leo iko mkononi, na ahadi za wakubwa hazifiki. Wewe mwenyewe ni ushahidi anaousoma kila siku. Hilo linauma, lakini pia linakupa nguvu, kwa sababu ushahidi unaweza kubadilishwa.

Anza na ahadi ndogo. Ukisema utapiga simu Jumatano saa moja jioni, piga Jumatano saa moja jioni, hata kama ni dakika nne. Ukisema utamletea seti ya jometri, ilete. Usiahidi simu wala baiskeli kama huna uhakika. Ahadi ya shilingi 150 iliyotimizwa inamfundisha subira kuliko ahadi ya elfu kumi iliyobaki mdomoni. Na kama bado unatafuta kazi, mwambie hivyo. Mwambie masomo yamekupa nini na hayajakupa nini. Mtoto akijua humfichi, atakuamini ukimwambia kwamba kumaliza shule bado kuna maana.

Kazi yenye mwenyewe

Kuna watu watakuambia, "Lakini sisi tulichuma kahawa na majani chai, na tulisoma." Ni kweli. Kazi haimharibu mtoto. Mtoto wa Meru au Embu anayekata nepia ya ng'ombe, kuteka maji na kumwangalia mtoto mdogo anajifunza uwajibikaji ambao hakuna kitabu kitamfundisha. Tofauti iko kwenye maswali matatu. Je, kazi hii inamwacha aende shule? Je, anaelewa inasaidia nani? Na je, kuna kitu ndani yake ambacho ni chake?

Mtoto anayechuma miraa kwa kibarua anajifunza kwamba bidii ya asubuhi inaliwa jioni. Mtoto aliyepewa kuku wawili, akaambiwa "hawa ni wako, wakifa ni wewe, wakitaga ni wewe", anajifunza kungoja. Kuku hataharakishwa. Anahitaji maji hata siku ambayo hujisikii. Mayai yanahesabiwa, na hesabu hiyo inaandikwa kwenye daftari. Hapo umefundisha uangalifu, uvumilivu na hisabati bila kuhubiri.

Wazo hilo si geni kwetu. Vilabu vya 4K shuleni, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilijengwa juu yake, na serikali ikavifufua 2021. Kama shule ya mdogo wako ina klabu hicho, muulize analima nini. Kama haina, robo ya kitalu cha sukuma nyuma ya jiko inatosha. La muhimu ni kwamba akiuza, pesa ziwe zake. Mzazi akizichukua hata mara moja bila kuuliza, tumerudi kwa zile rangi za Rochester.

Unachoweza kufanya ukiwa mjini

Kwanza, badilisha maswali. Ukipiga simu na kuuliza "Umekuwa namba ngapi?", unamfundisha kwamba unataka matokeo tu, na atakuficha yakiwa mabaya. Muulize: "Ni nini kilikushinda wiki hii? Ulijaribu nini?" Akikuambia alirudia hesabu mara tatu, sifu hizo mara tatu kuliko kusema "wewe ni genius". Anayesifiwa akili huogopa maswali magumu yasije yakamwaibisha. Anayesifiwa bidii hurudi kuyajaribu.

Pili, mjue mwalimu wake. Namba moja ya simu inatosha. Mtoto haachi shule siku moja. Huanza kwa kukosa Ijumaa. Mwalimu huona hiyo Ijumaa kabla yako, na mara nyingi hana wa kumwambia kwa sababu wazazi wako shambani.

Tatu, ukiona mtoto ametolewa darasani kabisa kufanya kazi, au anaumizwa, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mwenye kiburi cha Nairobi. Zungumza na mzazi kwanza, kisha chifu au afisa wa watoto wa eneo lenu. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ni ya bure kote nchini.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo tumeitumia sana kuhalalisha kiboko, na kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001. Lakini kukunja si kupiga. Anayemkunja samaki hufanya polepole, kwa mikono miwili, bila kumvunja.

Kwa hivyo likizo ijayo, nauli ikipatikana, punguza hotuba. Beba trei ya mayai na ile seti ya jometri. Akuonyeshe kuku wake, akusomee hesabu kwenye daftari, nawe usikize hadi amalize. Kisha mtaje siku na saa utakayompigia simu, na siku hiyo ikifika, mpigie.